Mdundo wa Nne

Kaka yangu alitunza uwanja wa mpira wa kikapu wa shule moja kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kurusha mpira hata mara moja kuelekea kwenye pete. Ukimwuliza sababu, anakwambia mabega yanamuuma. Uongo mtupu. Tangu nilipofiwa na mume wangu tunaishi nyumba moja, maumivu yake yote nayajua kwa majina, na mabega hayamo.

Wanafunzi walimwita Mzee Futi kwa sababu ya ile futi ya chuma aliyoning'iniza kiunoni kila siku, hata siku za mapumziko, hata akienda dukani kununua chumvi. Mimi nilimwita kaka, na nikikasirika nilimwita Bwana Uwanja. Ni mtu wa maneno machache. Maneno yaliyobaki nilipewa mimi, na sijayarudisha.

Kazi yake niliijua vizuri kwa sababu nusu yake niliifanya mimi. Mimi ni fundi cherehani, na kila muhula nilimsukia nyavu mbili za kamba nyeupe, kila wavu una vitanzi kumi na viwili, kwa sababu pete ina ndoano kumi na mbili. Yeye alifagia mchanga asubuhi kabla ya kengele, maana mchanga juu ya saruji ndio unaovunja watoto vifundo vya miguu. Alisugua ukungu kwenye kona ambayo jua haliifikii. Alipanda ngazi na spana akakaza boliti za ubao, kisha akashusha futi kutoka kwenye pete hadi chini kuhakikisha ni mita tatu na sentimita tano. Zikipungua milimita mbili, hali chakula mpaka airekebishe.

Alikuwa na ukali mmoja tu, nao ulihusu vipimo. Mistari yote iwe na upana wa sentimita tano. Kutoka mstari wa mwisho hadi ukutani ziwe mita mbili zisizo na kitu, wala ndoo, wala benchi, wala mwalimu na kiti chake. Akimaliza kupiga uzi wa chaki hupima kona hadi kona, kisha kona zile nyingine, na vipimo viwili visipolingana anafuta kila kitu anaanza upya. Kwake ilikuwa mita ishirini na tisa na sentimita hamsini na tatu, huku na huku. Namba hiyo ninayo kichwani kuliko tarehe ya harusi yangu.

Kwa mtu mkali hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Uwanja kamili ni mita ishirini na nane kwa kumi na tano. Nafasi ya kuuweka ilikuwepo, kila mtu aliiona. Lakini wa kwake ulikuwa ishirini na sita kwa kumi na nne. Walimu wa michezo walikuja, wakalalamika, wakahama shule, wakaja wengine. Kaka yangu aliwajibu wote jibu moja.

"Hapa mistari inakaa hapa."

Na kila asubuhi, akishafagia, alichukua kipande cha nondo akaenda kusimama chini ya goli la upande wa madarasa, ndani ya lile eneo ambalo mchezaji anayeshambulia haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu. Aliinama, akagonga sakafu mara tatu. Kisha alisikiliza, kichwa kimeinama pembeni. Mafundi wa saruji hufanya hivyo kutafuta mahali palipovimba au kuachia chini. Lakini hao hugonga uwanja mzima. Yeye aligonga pale pale, mahali pamoja, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma.

Watoto nao walikuwa na yao. Mchezaji akipewa mtupo huru, husimama peke yake kwenye mstari, wenzake wote wanamngoja, na kabla ya kurusha hudundisha mpira mara mbili tatu ili atulie. Pale upande wa madarasa, walisema, ukidundisha mara tatu unasikia mdundo wa nne. Mpira umeshaushika mikononi, na chini bado panadunda. Waliambizana kwamba aliyeko chini naye anacheza. Wadogo walikuwa wakikimbia wakifika kwenye mstari ule. Wakubwa walijifanya kucheka, lakini walirusha upesi bila kudundisha, ndiyo maana timu ya shule ile ilikosa mitupo huru kuliko timu yoyote niliyowahi kuiona.

Niliposimuliwa nilicheka hadi nikaangusha pini. Watoto wa shule na kutia chumvi ni ndugu wa tumbo moja.

Basi likizo ya mwaka jana nikapeleka nyavu mpya. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, madarasa yamefungwa, hakuna mtu wala mbwa. Kaka yangu alikuwa upande wa pili akichanganya rangi. Kulikuwa na mpira umesahauliwa karibu na ukuta. Nikauokota, nikasimama kwenye mstari, mwanamke mzima na kanga yangu. Nikadundisha. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Nikaushika.

Chini ya nyayo zangu kikadunda kitu.

Haikuwa sauti kubwa. Niliisikia kwa miguu kabla ya masikio. Nikamtazama kaka yangu kule mbali. Alikuwa amesimama wima na kijiti cha rangi mkononi, ananiangalia, na rangi inadondoka kwenye kiatu chake haoni.

"Toka hapo," akasema. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia vizuri.

Nikatoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiambia ni mwangwi, ni mwangwi tu, na nilipofika mlangoni ndipo nikajiuliza: mwangwi gani unasikia midundo mitatu unajibu mmoja?

Wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, ufa ulitokea. Aliniambia mezani, macho kwenye sahani. Ulianza kama uzi, akauziba kwa saruji, ukarudi. Akauziba tena, akapaka rangi, ukarudi, na sasa haukuwa umenyooka. Ulikuwa unapinda, unazunguka mstari wa mtupo huru taratibu, na kila siku ncha zake mbili zinakaribiana.

"Na Jumamosi kuna mechi," akasema. "Shule nne zinakuja."

"Mwambie mwalimu mkuu afunge uwanja."

"Ataniuliza kuna nini chini."

"Kuna nini chini?"

Akaweka kijiko. Nimemjua kaka yangu tangu nilipojua kutambaa, na sijawahi kuona uso wake ukiwa vile. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa jibu, nikatamani nisingeuliza.

Akanieleza. Kabla ya kuwa mtunza uwanja alikuwa kibarua, na uwanja ule aliujenga yeye na wenzake. Chini yake palikuwa na tangi la zamani la maji ya mvua, limechimbwa ardhini, refu kuliko mtu, kavu, na mdomo wake ni duara upana wa mita moja na kitu. Ilitakiwa lijazwe mawe. Fundi mkuu aliona mawe yatachelewesha kazi. Akaamuru mdomo ufunikwe mbao, zege lipite juu.

Kulikuwa na kibarua mwenzake, rafiki yake, waliyemwita Mita. Futi yao ya chuma ilikuwa imekatika mita ya kwanza, kwa hiyo walianzia kupima kwenye alama ya moja, na anayesoma lazima apunguze moja kabla ya kutamka. Mita alikuwa anatembea na kile kipande kilichokatika mfukoni, amekikunja. Mtu akitafuta mita inayokosekana kwenye hesabu, Mita anajipigapiga mfuko: "Mita yenu ninayo mimi." Utani wake ulikuwa huo huo kila siku, na kila siku walicheka.

Mita alikuwa na tabia ya kushuka ndani ya tangi baada ya chakula cha mchana akalala, kwa sababu kulikuwa na ubaridi.

Kaka yangu aliposema hivyo nilielewa yote, nikaweka mkono mdomoni.

"Mawingu yalikuwa yamefunga," akasema. "Nilipotoka kula, mbao zilikuwa zimeshalazwa. Nikauliza, Mita yuko wapi? Mmoja akasema ameondoka huyo. Nikamwuliza fundi mkuu, umechungulia ndani? Akasema nimechungulia. Nikaita mara moja tu. Mita! Mara moja, mdogo wangu. Kisha nikashika koleo, tukamwaga."

"Na yeye?"

"Jioni mfuko wake wa nguo ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari."

Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Vibarua wakasema amepata kazi kwingine, vibarua wako hivyo. Hakuwa na ndugu aliyefahamika wa kumwulizia. Kazi ilipokwisha wote walitawanyika, isipokuwa kaka yangu. Aliomba abaki kuchora mistari. Alikuwa amelipima tangi siku ile ile, kabla ya mbao, akaandika kwenye daftari lake: mita sita na themanini kutoka ukutani. Kisha akaupanga uwanja mzima kwa kufuata namba hiyo. Aliupunguza, akausogeza, mpaka tangi likaangukia ndani ya eneo la sekunde tatu. Watoto watapita mbio, hawatasimama. Sheria ya mchezo yenyewe ingemsaidia kuwafukuza.

"Nagonga kila asubuhi," akasema. "Namsalimia. Pale chini sauti ni nzito, ngumu, nikasema labda udongo umejaa, labda amepumzika. Lakini ananijibu. Mara moja. Na hajibu pale nilipogonga. Anajibu nyuma yangu, hatua moja, kwenye mstari. Amesogea. Miaka yote hii anawatafuta watoto waliosimama."

Kilichonijia kichwani hakikuwa Mita. Ilikuwa gauni.

Futi yangu ya kushonea ilikatika inchi mbili za mwanzo miaka mingi iliyopita, na nilizoea kupunguza mbili bila kufikiri. Siku binti mmoja aliponiletea futi mpya kama zawadi, nilikata gauni lake la mahafali nikalikata fupi. Nilikuwa nimepunguza inchi mbili kwenye futi nzima. Alilivaa hivyo hivyo, mama yake hanisalimii mpaka leo.

"Kaka," nikasema. "Siku uliyopima tangi, ulitumia futi ile ile iliyokatika?"

"Hapana. Fundi mkuu alikuja na mpya siku hiyo. Aliondoka nayo jioni."

"Mpya, nzima?"

"Nzima."

"Ilisoma ngapi?"

Akanitazama. Midomo yake ikasogea bila sauti. Nikaona namba ikimpanda usoni.

"Saba na themanini," akasema. "Nikapunguza moja."

Mstari wa mtupo huru, kwenye uwanja wake, ulikuwa mita saba na themanini kutoka ukutani. Mbili za nafasi, tano na themanini za kutoka mstari wa mwisho. Kwenye uwanja wote ule, watu wanapita mbio kila mahali, na pale peke yake ndipo mtoto husimama tuli huku wote wanamtazama. Alipalinda kwa miaka ishirini na sita mahali pasipo na kitu, na mdomo wa tangi akauchora mstari mweupe kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake, Alhamisi, mchana watoto wakiwa madarasani, tulikwenda sote wawili. Ufa ulikuwa umebakiza upana wa kiganja ili duara lifunge. Nikamshika mkanda wa suruali kwa nyuma, maana sikuwa na akili nyingine, naye akanyoosha nondo akagonga juu ya mstari.

Nimewahi kugonga mtungi mtupu. Ilikuwa sauti hiyo.

Akagonga mara moja tu, hakuthubutu mara tatu. Tukarudi nyuma tukishikana mikono, wazee wawili, na kwenye dirisha la darasa la karibu watoto walikuwa wamejaa wanatuchungulia.

Alimweleza mwalimu mkuu kila kitu, na tangi, na mbao, na Mita. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akachukua simu akaahirisha mechi, akachukua nyingine akaita polisi na mafundi. Kaka yangu aliniambia baadaye kwamba alipokuwa anaongea alijiona mwepesi, na hilo lilimtisha kuliko kitu kingine.

Walivunja Ijumaa asubuhi. Haikuchukua nyundo tatu. Zege lilikuwa na unene wa vidole vinne, na mbao zilizolishikilia zilikuwa zimekwisha kuwa unga. Fundi mmoja alisema lilikuwa limesimama kwa mazoea tu. Hakuna aliyecheka. Wakateremsha taa. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye benchi, amejiinamia, mikono imefunika masikio.

Ndani hamkuwa na mtu.

Nilikwenda kuchungulia mwenyewe, maana nisingeamini neno "nimechungulia" kutoka kwa mwanamume yeyote tena. Sakafu kavu, kuta kavu, hakuna mfupa, hakuna nguo, hakuna hata buibui. Katikati, sakafuni, kulikuwa na kipande cha futi ya chuma. Hakikuwa kimekunjwa. Kilikuwa kimenyooshwa sawasawa, kama mtu aliyekuwa anapima kitu akakiacha hapo. Fundi alishuka akakileta. Mita moja kamili. Miaka ishirini na sita chini ya ardhi, na kilikuwa hakina kutu hata doa.

"Alitoka," nikamwambia kaka yangu. "Alilala, akaamka, akatoka kabla hamjafunika. Futi imemdondoka. Akaenda zake."

"Na mfuko?"

"Watu wanasahau mifuko, kaka."

Akakipokea kile kipande, akafungua futi ya kiunoni, ile ile iliyokatika ambayo alibaki nayo tangu ujenzi, akaweka mkato kwa mkato. Ukaingia barabara. Alilia pale pale mbele ya polisi na mafundi, nami nikamwacha alie, nikaziba jua kwa kanga yangu.

Tangi lilijazwa mawe hadi juu, zege jipya likamwagwa, likamwagiliwa maji kila siku hadi likakomaa. Safari hii alichora uwanja kamili, ishirini na nane kwa kumi na tano, na vipimo vya kona hadi kona vikalingana kwa mara ya kwanza tu. Niliwaza sasa atastarehe. Lakini alianza kudhoofika. Chakula anakigusagusa. Asubuhi anakwenda na nondo yake, anagonga, anarudi kimya kuliko alivyokwenda.

Siku moja mchana akaniomba nimsindikize. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani. Alikuwa na mpira. Akasimama kwenye mahali palipokuwa mstari wa zamani, akadundisha mara tatu, polepole, akaushika. Saruji ilitoa sauti nzito, ya kitu kilichojaa. Tukasikiliza. Hakukuwa na kitu, upepo tu kwenye wavu wangu.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Hata mimi." Macho yake yalijaa. "Hakuwemo. Basi miaka yote ile nilikuwa nasalimiana na nani?"

Nilimwonea huruma. Mtu amebeba rafiki yake rohoni miaka ishirini na sita, halafu anaambiwa mzigo ulikuwa mtupu.

"Dundisha tena," nikasema.

Akanigeuzia mgongo, akatazama pete. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Akaushika mpira. Nikainua mguu ili nipige sakafu mara moja, nimpe jibu lake, aende nyumbani akale.

Mdundo ukasikika.

Kaka yangu akageuka anatabasamu, machozi yanamtiririka, akautazama mguu wangu. "Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Nimejua ni wewe. Lakini ahsante." Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akarusha mpira kuelekea kwenye pete. Ukagonga ubao ukakosa, naye akacheka, akaukimbilia.

Siku hizi anakula, analala, amenenepa kidogo. Sijamwambia, na sitamwambia, kwamba mdundo uliposikika mguu wangu ulikuwa bado haujagusa chini.